Mkandarasi Aliyeupisha Upepo

Paukwa!

Vizuri, mmeitikia. Basi sogeeni, kaeni. Leo sina sungura wala fisi. Nina mtu wa kweli, mhandisi na mkandarasi, ambaye jina lake mnalijua ingawa huenda hamkujua kwamba ni jina la mtu. Anaitwa Eiffel. Ule mnara wa Paris unaochapwa kwenye fulana na mikoba ya shule ulipewa jina lake, na tangu hapo mnara umemfunika mwenyewe. Leo tutamtoa nyuma ya mnara wake tumtazame.

Lakini kwanza nawapa neno moja la kushika: upepo. Kila mara hadithi hii itakapofika mahali pagumu, mtaukuta upepo umetangulia.

Gustave Eiffel alizaliwa tarehe 15 Desemba 1832 katika mji wa Dijon, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa askari wa farasi zamani. Mama yake, Mélanie, ndiye aliyekuwa na jicho la biashara. Aliuza makaa ya mawe, na enzi hizo viwanda vilikuwa vinachoma makaa usiku na mchana, kwa hiyo biashara ikamnyookea. Kwa kuwa mama alikuwa na shughuli nyingi, mtoto alilelewa zaidi na bibi yake. Mkumbukeni mama huyu wa makaa. Mwanawe alipokuja kuwa mkandarasi, alijua kuhesabu faranga kwa makini yale yale aliyohesabia uzito wa chuma, na hilo hakulipata chuoni.

Shuleni hakuwa wa kwanza. Alichoka na masomo ya kukariri, akazinduka mwishoni. Alikwenda Paris kujiandaa kwa mtihani wa chuo kilichokuwa na sifa kuliko vyote, École Polytechnique, akashindwa. Akaingia chuo kingine, École Centrale, kilichofundisha watu wa viwandani, akamaliza mwaka 1855. Alisomea nini? Kemia! Mjomba mmoja alikuwa na kiwanda cha siki, na familia ilitarajia kijana akakisimamie. Kisha ukazuka ugomvi wa kifamilia, habari za siki zikaishia hapo. Hivyo ndivyo Ufaransa ilivyokosa mtengeneza siki.

Kijana asiye na kiwanda cha mjomba hutafuta kazi, naye aliipata kwa mtu aliyeitwa Charles Nepveu, mtengenezaji wa mashine na vifaa vya reli. Miaka ile reli zilikuwa zinatandazwa Ufaransa nzima, na kila reli ikifika mtoni huhitaji daraja. Treni ni nzito kuliko gari lolote la farasi, na mbao na mawe peke yake havikutosha tena. Chuma kikaingia. Mtu aliyekielewa chuma alikuwa na kazi ya kutosha maisha yake yote.

Mwaka 1858, akiwa na miaka 25 tu, Eiffel alikabidhiwa kusimamia ujenzi wa daraja la reli la Bordeaux, juu ya mto Garonne. Lilikuwa na urefu wa meta 500 hivi. Mto huo una mkondo mkali, na nguzo zilipaswa kuzama chini sana mpaka zikute ardhi ngumu. Sasa niambieni: mtachimbaje msingi chini ya maji?

Njia waliyotumia ilikuwa bado mpya wakati huo. Unachukua bomba kubwa la chuma lisilo na kitako, pana kiasi cha watu kuingia, unalisimamisha mtoni. Kisha mashine inasukuma hewa ndani yake kwa nguvu, hewa ile inayafukuza maji yatokee chini. Wachimbaji wanashuka ndani, wanachimba pakavu ilhali mto unapita nje ya ukuta. Kadiri wanavyochimba, bomba linazama. Likifika kwenye ardhi ngumu, linajazwa zege na nguzo imepatikana. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari, nayo ilimfundisha kijana mambo mawili: kwamba msingi ndio unaoamua kila kitu kilicho juu yake, na kwamba mkandarasi hawezi kuongoza kazi akiwa hotelini. Husimuliwa kwamba siku moja fundi alitumbukia mtoni, na Eiffel, aliyekuwa mwogeleaji hodari, alijitosa akamwokoa. Daraja lilikamilika mwaka 1860.

Miaka miwili baadaye alimwoa Marie Gaudelet, wakajaliwa watoto watano. Marie alifariki mwaka 1877, na Eiffel hakuoa tena. Binti yake mkubwa, Claire, ndiye aliyeshika nyumba na kuwa msiri wake mpaka uzeeni.

Mwaka 1866 Eiffel aliacha kuajiriwa. Alifungua karakana yake huko Levallois-Perret, pembeni mwa Paris. Hapa ndipo mhandisi alipogeuka mfanyabiashara, na nataka muelewe biashara yenyewe ilivyokuwa. Mkandarasi hushindana na wengine kwa zabuni. Anasema: nitajenga daraja hili kwa kiasi hiki cha fedha na kwa miezi kadhaa. Akitaja bei kubwa, kazi inamkosa. Akitaja ndogo kuliko gharama, kazi anaipata na inamfilisi. Sasa faida hupotelea wapi? Mara nyingi hupotelea kwenye eneo la ujenzi: kipande hakiingii mahali pake, tundu halilingani na tundu, mafundi wamekaa wanangoja, na mshahara unalipwa vilevile.

Eiffel aliipiga vita hasara hiyo tangu mezani. Kila kipande cha chuma kilichorwa kwanza ofisini, kikakokotolewa, kikatobolewa karakanani. Kilipofika mahali pa kazi, kilibaki kuunganishwa tu. Kama kipande hakikulingana, hakikusuguliwa wala kupondwa palepale ili kiingie. Kilirudishwa Levallois. Mnaweza kuona ni ukali, lakini ukali huo ndio uliomwezesha kutaja bei ndogo kuliko wenzake na bado apate faida.

Sasa tuurudie upepo.

Miaka ya 1867 hadi 1869 kampuni yake ilijenga madaraja mawili ya reli katika bonde la mto Sioule, katikati ya Ufaransa. Nguzo zake ndefu zilikuwa za chuma. Daraja refu namna hiyo linabeba uzito wa treni, naam, lakini pia linasukumwa kutoka ubavuni. Ninyi wa pwani mnaelewa jambo hili kabla hata ya kufundishwa. Tanga likishika upepo, jahazi linakwenda. Lakini wavu ukianikwa juani, upepo hupita kwenye macho yake, nao unabaki unatikisika kidogo tu. Eiffel aliamua kwamba nguzo zake zisiwe matanga, ziwe nyavu. Badala ya ukuta wa chuma, alitumia vipande vyembamba vilivyopishana kimshazari, nafasi zikaachwa wazi katikati. Na chini aliipanua miguu ya nguzo, ikajipinda kwenda nje, ili isimame imara upepo unaposukuma.

Baada ya hapo akathubutu zaidi. Mji wa Porto, Ureno, ulihitaji daraja la reli juu ya mto Douro. Mto ulikuwa na kina kirefu na mkondo wenye nguvu, haikuwezekana kusimamisha nguzo katikati wala kuweka jukwaa la kufanyia kazi. Mwaka 1875 Eiffel na mshirika wake, mhandisi Théophile Seyrig, walishinda zabuni kwa bei ndogo kuliko wote. Walipendekeza tao moja la chuma la meta 160, lirukie mto mzima. Walilijenga kutoka kila ukingo kuelekea katikati, kila nusu ikining'inia hewani, imeshikwa kwa nyaya nene zilizofungwa juu. Sehemu mbili zikasogeleana siku hadi siku mpaka zikakutana. Mwaka 1877 daraja hilo, lililoitwa Maria Pia, likafunguliwa, na wahandisi wa nchi nyingine wakaanza kulitaja jina la Eiffel.

Tarehe 28 Desemba 1879 dhoruba ilipiga Scotland. Daraja refu la reli juu ya mto Tay lilianguka treni ikiwa juu yake, na wote waliokuwamo wakafa. Halikuwa daraja la Eiffel, lakini kila mjenzi wa madaraja Ulaya aliisikia habari ile moyoni. Nguvu ya upepo haikuwa imepigiwa hesabu ya kutosha. Wakati huohuo Eiffel alikuwa amepewa kazi ya Garabit, kusini mwa Ufaransa: kupitisha treni meta 122 juu ya mto Truyère, katika bonde ambalo upepo hauna kizuizi. Mpango wa daraja ulianzia kwa mhandisi wa serikali, Léon Boyer, aliyeliona tao la Porto akasema litafaa pia hapa. Tao la Garabit lina upana wa meta 165, nalo limejaa uwazi. Ukilitazama kwa mbali, mbingu unaiona katikati ya chuma chake. Lilikamilika mwaka 1884, na limesimama hadi leo.

Miaka hiyohiyo alifanya kazi nyingine ambayo hamuioni kwa macho. Mnaijua ile sanamu ya mwanamke mwenye mwenge, bandarini New York. Aliyeichonga ni Mfaransa, Auguste Bartholdi, na ngozi yake ni ya shaba isiyozidi unene wa milimita mbili na nusu. Sanamu ya meta 46 yenye ngozi nyembamba hivyo, imesimama mahali ambapo upepo wa bahari unavuma mwaka mzima! Eiffel na msaidizi wake, Maurice Koechlin, waliiwekea kiunzi cha chuma ndani: nguzo kubwa katikati, na kutoka kwenye nguzo hiyo vyuma bapa vinavyonepa vikaenda kuishika shaba. Shaba inaweza kutanuka kwa joto na kusogea kidogo kwa upepo bila kupasuka. Mwaka 1885 sanamu nzima ilisafirishwa kwa meli ikiwa vipandevipande ndani ya masanduku.

Aliuza pia madaraja yaliyofungashwa. Vipande vichache vya aina moja, vyepesi, vilivyoweza kubebwa na kuungwa na watu wasio mafundi. Wanunuzi walikuwa majeshi na serikali za kikoloni, hasa huko Vietnam iliyotawaliwa na Ufaransa. Nawaambia hili ili msidhani chuma hakina upande. Daraja lililovusha wakulima sokoni lilivusha pia wanajeshi na watoza kodi.

Haya. Sasa tufike Paris.

Ufaransa ilikuwa inaandaa maonyesho makubwa ya mwaka 1889, kuadhimisha miaka 100 tangu mapinduzi yao. Je, Eiffel ndiye aliyewaza kujenga mnara? Hapana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wazo lilitoka kwa wahandisi wawili wa kampuni yake, Maurice Koechlin yule wa sanamu na Émile Nouguier. Mwezi Juni 1884 Koechlin alichora nguzo ya meta 300 yenye miguu minne inayokutana juu. Pembeni akachora kanisa la Notre-Dame, ile sanamu ya New York na majengo mengine yamepandishwa moja juu ya jingine, ili bwana mkubwa aone ukubwa wa jambo lenyewe. Eiffel aliutazama mchoro, hakuvutiwa sana. Akawaruhusu waendelee. Msanifu majengo Stephen Sauvestre akaupamba, akaweka matao makubwa chini na vyumba vya kioo. Hapo Eiffel akazinduka. Alinunua haki za wenzake, akakubali kuwalipa na kuwataja, kisha akaingia mwenyewe kuwashawishi mawaziri na magazeti. Mwaka 1886 serikali ilitangaza shindano, michoro 107 ikaletwa, na wake ukachaguliwa.

Mkataba ulitiwa saini Januari 1887, na hapa mkumbukeni tena mama wa makaa. Serikali ilikubali kutoa faranga milioni 1.5 tu, na makadirio ya gharama yalikuwa zaidi ya milioni 6. Zilizobaki azitafute Eiffel. Kwa malipo yake, angepokea viingilio vyote kwa miaka 20. Baada ya hapo mnara ungekuwa mali ya mji wa Paris, na mji ungeweza kuuvunja ukitaka. Wengine wangekimbia. Yeye alipiga hesabu, akakubali.

Kazi haijapanda juu ya ardhi, kelele zikaanza. Tarehe 14 Februari 1887 gazeti la Le Temps lilichapisha barua ya waandishi na wasanii maarufu, wakiwamo mwandishi Guy de Maupassant na msanifu Charles Garnier. Walisema mnara huo ni balaa lisilo na faida, utauaibisha mji wao. Eiffel aliwajibu kwa utulivu. Aliwaeleza kwamba mhandisi naye anajali uzuri, na kwamba mpindo wa miguu ya mnara haukutokana na mapambo, ulitokana na hesabu ya upepo.

Sikilizeni maana yake. Katika kila kimo, yeye na wahandisi wake walikokotoa upepo utasukuma sehemu iliyo juu kwa nguvu kiasi gani. Kisha wakaipinda miguu ili msukumo huo uteremke ndani ya chuma chenyewe mpaka ardhini. Juu, ambako kinachobaki kusukumwa ni kidogo, miguu inakaribiana na kuungana. Chini, ambako msukumo wote umejumlishwa, miguu inaachana meta 125. Yale matao makubwa ya chini, ambayo watu hudhani ndiyo yanayoubeba mnara, kwa sehemu kubwa ni pambo la Sauvestre. Kinachoushikilia mnara ni ule mpindo. Ndiyo kusema, mchoraji wa umbo lile ni upepo.

Na ni mwepesi ajabu. Chuma chake kina uzito wa tani 7,300. Lakini mkikiyeyusha chote mkakimwaga katika mraba ule wa meta 125 uliopo kati ya miguu, kitafika kina cha sentimita 6 tu. Kilichobaki, mpaka meta 300, ni hewa.

Ujenzi ulianza tarehe 28 Januari 1887. Miguu miwili iliyo upande wa mto Seine ilichimbiwa misingi kwa ile njia ya hewa ya kule Bordeaux. Ofisini wachoraji walitoa michoro zaidi ya 5,000. Kulikuwa na vipande 18,038, kila kimoja kimechorwa kivyake, na ribiti milioni 2.5, ambazo sehemu kubwa zilipigwa karakanani Levallois kabla ya vipande kusafirishwa. Zilizosalia zilipigwa juu na vikundi vya watu wanne: mmoja anaichoma ribiti mpaka inakuwa nyekundu, wa pili anaishikilia tunduni, wa tatu anaunda kichwa chake, wa nne anaigonga kwa nyundo kubwa. Ikipoa inasinyaa na kuvibana vipande pamoja kwa nguvu.

Palikuwa na mtihani mmoja ambao ningependa mngeushuhudia. Miguu minne ilipanda kwa kuinama kuelekea ndani, kila mmoja peke yake, na ilipaswa kukutana kwenye boriti za ghorofa ya kwanza, meta 57 juu. Mguu ukikosea sentimita chache tu, matundu ya ribiti hayatakutana. Eiffel aliweka jeki zenye nguvu chini ya miguu, na juu ya majukwaa akaweka masanduku yaliyojaa mchanga yakiushikilia uzito. Unapotaka mguu ushuke kidogo, unafungua tundu, mchanga unatoka, mguu unatelemka polepole. Unapotaka upande, unatia jeki. Mwezi Desemba 1887 matundu yakakutana, na mnara ukaunganishwa.

Mafundi nao walikuwa na sauti yao. Kwenye eneo la kazi walikuwa 300 hivi, katika baridi na upepo wa huko juu. Septemba 1888 waligoma wakidai nyongeza. Walisema kadiri wanavyopanda, hatari inaongezeka. Mkandarasi alijibu kwamba anayeanguka meta 40 na anayeanguka 300 mwisho wao ni mmoja. Hata hivyo aliongeza mshahara. Walipogoma tena baadaye, hakulegeza kamba: aliahidi zawadi kwa watakaobaki hadi mwisho, na wasiotaka akawaondoa. Mtaamua wenyewe kama alitenda haki. Ila jueni kwamba chini ya ghorofa ya kwanza yaliandikwa majina ya wanasayansi 72 wa Ufaransa, na hakuna hata fundi mmoja miongoni mwao. Hakuwamo pia Sophie Germain, mwanamke aliyefanya utafiti juu ya jinsi vitu vigumu vinavyonepa, elimu ambayo wahandisi wanaihitaji. Wasichana, jina hilo liandikeni kwenye daftari zenu.

Tarehe 31 Machi 1889 Eiffel alipanda ngazi 1,710 kwa miguu pamoja na wageni wachache waliokuwa na pumzi, akapandisha bendera ya Ufaransa. Ilikuwa imechukua miaka miwili na miezi miwili. Hakuna jengo duniani lililokuwa refu kama lile, na lilishika nafasi hiyo hadi mwaka 1930. Watu karibu milioni 2 waliutembelea wakati wa maonyesho, na viingilio vyao vikarudisha karibu gharama yote mwaka huohuo.

Hadithi za uongo huishia hapa, shujaa akiwa juu kileleni. Hii ni ya kweli, kwa hiyo lazima tushuke.

Tarehe 14 Juni 1891, huko Münchenstein, Uswisi, daraja la reli ambalo kampuni yake ilikuwa imelijenga mwaka 1875 lilivunjika chini ya treni. Zaidi ya watu 70 walifariki. Uchunguzi wa ajali hiyo uliwafanya wahandisi wabadilishe namna ya kukokotoa vipande vyembamba vya chuma vinavyobanwa, kwa maana hesabu zilizotumiwa na wote wakati ule zilikuwa na kasoro.

Kisha ikaja Panama. Ferdinand de Lesseps, aliyefanikisha mfereji wa Suez, alitaka kuchimba mwingine Panama bila malango ya kupandishia meli. Mlima ukamshinda. Mwishoni mwa 1887 Eiffel alipewa kandarasi ya kujenga malango hayo, na ilikuwa kandarasi nono kuliko zote maishani mwake. Mwaka 1889, mwaka ule wa shangwe za mnara, kampuni ya mfereji ilifilisika. Maelfu kwa maelfu ya Wafaransa wa kawaida walipoteza akiba zao, na ikagundulika kwamba wabunge walikuwa wamehongwa. Eiffel hakuhusika na hongo, lakini alishtakiwa kwa namna alivyotumia fedha alizotangulizwa. Mwaka 1893 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na faini ya faranga 20,000. Miezi michache baadaye mahakama ya juu ilitengua hukumu kwa sababu muda wa kumshtaki kisheria ulikuwa umepita. Aliachiwa. Lakini jina lilikuwa limechafuka, naye alikuwa ameshajitoa katika uongozi wa kampuni yake. Alikuwa na miaka 60.

Mtu wa miaka 60, tajiri, aliyeaibishwa, angeweza kujifungia bustanini. Eiffel alikuwa na deni moja ambalo hakuwa amelimaliza: upepo. Maisha yake yote alikuwa amejenga kwa kuukadiria kwa tahadhari, kwa maana hakuna aliyekuwa na vipimo vya uhakika. Sasa alitaka kuupima.

Alikuwa na kifaa ambacho hakuna mwanasayansi mwingine aliyekuwa nacho: mnara wake mwenyewe. Alitunga chombo chenye bamba na kalamu ya kujiandikia, akakiachia kutoka ghorofa ya pili, meta 115, kiteremke kwenye waya. Kila kiliposhuka, kiliandika jinsi hewa inavyolizuia bamba. Alipata kwamba ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakuzuia mara nne. Mwaka 1909 akajenga chini ya mnara jumba lenye handaki la upepo: feni kubwa inavuta hewa, na kielelezo cha bawa la ndege kimetundikwa katikati kinapimwa. Ndege zilikuwa changa bado, na marubani walikuwa wanakufa kwa kubahatisha. Vipimo vya mzee huyu vilionyesha kwamba bawa hubebwa zaidi na mvuto wa hewa iliyo juu yake kuliko msukumo wa hewa iliyo chini. Mwaka 1912 alihamishia maabara mtaa wa Auteuil, Paris, na handaki la huko bado lipo.

Na mnara je? Miaka 20 ya mkataba ilikuwa inaelekea kwisha, na waliotaka uvunjwe hawakuwa wamesahau. Eiffel alijua kwamba uzuri peke yake hautauokoa, akautafutia kazi. Aliweka kituo cha kupima hali ya hewa kileleni, na akamkaribisha afisa wa jeshi, Gustave Ferrié, afunge mitambo ya simu ya upepo, kama redio ilivyokuja kuitwa kwa Kiswahili. Mnaona? Hata hapa upepo umemfuata! Gharama za mwanzo za Ferrié alizilipa yeye mwenyewe. Muda si mrefu ujumbe uliotoka kileleni ukawa unafika mbali sana, jeshi likaona haliwezi kuukosa mnara, na kibali kikaongezwa kuanzia mwaka 1910. Vita vilipozuka mwaka 1914, mitambo ile ilinasa mawasiliano ya Wajerumani.

Gustave Eiffel alifariki Paris tarehe 27 Desemba 1923, akiwa na miaka 91. Alizikwa Levallois-Perret, mji ilipokuwa karakana yake.

Sasa nawapa kazi. Kesho mkienda shule, utafuteni mnara wa simu ulio karibu, msimame nje ya uzio, mwangalie juu. Mtaona vyuma vyembamba vimepishana kimshazari na mbingu ikionekana katikati. Mtaona kilele chembamba na miguu iliyoachana. Waliousimamisha walileta vipande vimetobolewa tayari, wakaviunga kwa bolti. Hesabuni miguu. Wengine mtapata minne, wengine mitatu. Kwa nini mtaa huu mitatu na ule minne? Siwaambii. Chukueni penseli na karatasi, choreni, pimeni, ulizaneni, na hesabu yenu mwianzie kwenye upepo.